Kiti cha Dereva

Turubai lilipovuliwa, kila aliyekuwa katika gereji ya nyumbani aliona kitu chake. Fundi wa bodi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, aliona kutu. Mpima Macho, mwenye gari, aliona ujana wake. Dada yake Mpima Macho alimwona marehemu wifi yake, akajifuta machozi ambayo bado hayajatoka. Na Mshonaji, mke wa sasa wa Mpima Macho, aliona kwamba wote watatu wamesahau kuwa na yeye yupo.

Lilikuwa gari dogo la spoti, la viti viwili, pua ndefu, limelala chini kama paka anayevizia. Zamani lilikuwa la kijani. Sasa kijani kilibaki juu ya boneti tu, na chini ya milango kutu ilikuwa imekula bati mpaka ikaacha matundu. Nyundo alisukuma kidole kwenye tundu moja, kikazama mpaka kiungo cha pili.

"Mnaona? Hii siyo bati tena, hii ni biskuti."

"Lakini injini inawaka," alisema Mpima Macho.

"Inawaka, sikatai. Nimetia betri, nimetengeneza breki, matairi yapo. Lakini amueni. Ama tuzibe matundu ya sakafuni, litembee na kutu yake hivi hivi. Ama mniletee nilifumue lote, nikwangue mpaka chuma kicheke, nipige rangi, mama hapa ashone viti vipya, muwe na gari kama limetoka dukani leo. Jumamosi nina nafasi. Jumamosi ikipita, msinijue."

"Litembee hivi hivi," alisema Mpima Macho. "Mimi nalitaka kama lilivyo."

"Lifumuliwe," alisema Mshonaji.

Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ambayo haikuwa kubwa. Lakini wote waligeuka.

"Mwenzangu," alisema wifi yake, akitabasamu nusu mdomo, "una haraka gani na gari la watu? Kaka na marehemu walizunguka nalo kila Jumapili. Kaka akiimba njia nzima! Ukisikia sauti yake kona ile, unajua wanarudi."

"Kutu ni kutu, wifi," alisema Mshonaji. "Haiangalii Jumapili."

Nyundo alicheka. Mpima Macho hakucheka; alifuta miwani yake kwa ncha ya shati.

Mshonaji hakuwa mtu wa ugomvi. Alipoolewa katika nyumba ile alikuta vikombe vya marehemu, mapazia ya marehemu, na picha ya marehemu sebuleni, kamwanamke kadogo kanacheka mbele ya gari lile lile. Hakugusa kitu kwa pupa. Vikombe vilivunjika vyenyewe, mapazia yalichakaa, na picha aliipangusa vumbi kama anavyopangusa meza. Alijiambia kwamba mtu hawezi kumwonea wivu mtu aliyelala kaburini. Alijiambia hivyo miaka yote, akaamini, mpaka turubai lilipotoka.

Kilichomkaba ni kule kuimba. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na kila wiki mumewe alimpeleka kwa wateja kwa gari lao la mizigo. Mpima Macho alishika usukani kwa mikono miwili kama amebeba trei ya mayai, macho mbele, mdomo umefungwa. Ukimsemesha, anajibu "mm." Mshonaji alikuwa amelizoea lile "mm." Aliona ndivyo mwanamume huyu alivyo. Kumbe alikuwa mwimbaji.

Kesho yake, mumewe alipokwenda kazini, Mshonaji aliingia gereji na futi, chaki na kisu chake kidogo cha kufumulia. Kwanza alikwenda kwenye kiti cha abiria, kwa sababu hicho ndicho kilichomuuma. Hapo ndipo alipokaa malkia wa Jumapili, akiimbiwa.

Alifungua mlango, akakaa, akashangaa. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli. Bonde lililoachwa kwenye sponji lilikuwa pana na refu. Lilimmeza yeye mzima, naye hakuwa mwembamba. Marehemu, kwa maneno ya wifi, alikuwa ukimvuta mkono anakuja mzima. Mshonaji alipima bonde lile, akaandika kwa chaki, akapima tena. Kisha akazunguka upande wa pili.

Kiti cha dereva kilikuwa mbele kabisa, kimebanana na usukani. Juu yake kulikuwa na mto mdogo wa kuinulia mtu mfupi. Alivuta komeo la chini ili akirudishe nyuma aketi, kikakataa. Reli ilikuwa imeshikana kwa kutu. Alijaribu kujipenyeza, magoti yakagonga dashibodi, kifua kikapiga honi, naye akaruka nje kama mwizi.

Alisimama palepale na futi yake shingoni. Basi alikuwa anaendesha yeye. Yule mwanamke mdogo ndiye aliyekuwa anaendesha, na mume ndiye aliyekuwa anaimba.

Mtu mwingine labda angepata nafuu hapo. Mshonaji alizidi kuungua. Mpaka jana alikuwa akimwonea wivu mwanamke aliyepelekwa matembezi. Sasa alikuwa akimwonea wivu mwanamke aliyeshika usukani.

Ndipo alipouona mshono. Ulipita ubavuni mwa kiti cha dereva, mrefu kama kiganja, umeshonwa kwa uzi wa viatu. Mshonaji aliinama karibu. Lo! Tundu moja huku, jingine kule, uzi umevutwa mpaka ngozi imekunjamana, na mwishoni fundo kubwa kama harage. Hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angeona haya. Alitoa kisu chake, akaingiza ncha chini ya fundo.

"Huo usiufumue."

Mpima Macho alikuwa mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua miwani yake ya kusomea. Hakupaza sauti, lakini alikuja akaweka mkono juu ya mshono, na kidole chake kikapita juu ya vile vifundo taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesoma gizani.

"Kiti kilipasuka tuko safarini," alisema. "Akashona mwenyewe, kando ya barabara."

"Naona. Aliyeshona alikuwa na hasira na ngozi."

"Hakujua kushona."

"Mimi najua."  "Nashona kila siku ya Mungu, Baba. Kiti unachokalia kwenye gari la mizigo nimeshona mimi. Kochi lako la sebuleni nimeshona mimi. Sijawahi kukuona ukipitisha kidole kwenye mshono wangu hata mmoja."

Mpima Macho alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata pale ambapo mwingine angeona heri adanganye.

"Wa kwako haushikiki," alisema. "Umenyooka mno. Mkono unapita tu."

"Ahaa! Basi ningejua, ningekuwa naharibu."

Alijuta kabla hajamaliza. Uso wa mumewe ulimshuka. Aliondoa mkono kwenye kiti, akaufuta kwenye suruali.

"Lifumuliwe," alisema. "Kama linakukosesha raha ndani ya nyumba yako, lifumuliwe. Jumamosi tutampelekea Nyundo."

Akaingia ndani kuchukua miwani yake, akaondoka. Mshonaji akabaki na kile alichokitaka, kikimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Lakini kazi ni kazi. Ili ashone kiti kipya ilibidi kwanza akitoe cha zamani, na bolti za kiti cha dereva zilikuwa chini yake, mahali ambapo spana haifiki mpaka kiti kisogee. Hivyo akaanza kukibembeleza. Asubuhi alimwagia reli oili, jioni dizeli. Aligonga kwa nyundo ya mpira upande huu, halafu ule. Alikwangua kutu kwa bisibisi, akapuliza, akamwagia tena.

Wifi yake alikuja kuchungulia.

"Haki ya nani, unalipigia magoti gari la mke mwenzio!"

"Nakitoa kiti chake, wifi."

"Hata. Huyo alikuwa king'ang'anizi. Hakuna aliyemtoa pale. Tukisema kaka naye apewe ufunguo, anamwambia, 'Wewe imba.'"

Alikwenda zake akicheka. Mshonaji alirudi chini ya kiti na kugonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi asubuhi, wakati wa kulipeleka gari umekaribia, reli ilitoa mlio kama wa nguruwe aliyebanwa mlangoni. Kiti kikaruka nyuma. Mshonaji alianguka kwa makalio, akainuka, akakisukuma mbele, akakirudisha. Kilikuwa kinakwenda.

Alitoa ule mto mdogo, akauweka katikati ya viti viwili, akaketi. Miguu ilinyooka mpaka kwenye pedali. Aliweka mikono kwenye usukani. Ulikuwa mwembamba, umelainika kwa mikono ya mtu mwingine. Kwa mwili wake mrefu aliona boneti nzima, kijani chake na kutu yake, mpaka pua.

Mpima Macho alikuja mbio kwa sababu ya ule mlio. Alimkuta mkewe yuko pale. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa abiria, akajishusha katika lile bonde lake, akavuta mkanda, akaweka viganja juu ya magoti. Alitulia kama mtoto aliyeahidiwa matembezi.

"Unafanya nini huko?" aliuliza Mshonaji.

"Nimekaa kwangu."

"Gari lako, na hujawahi kuliendesha?"

"Hata siku moja. Sipendi kuendesha. Nikishika usukani natoka jasho mpaka kwenye soksi."

"Wewe? Na kila wiki unanipeleka kwa wateja?"

"Sasa ningefanyaje? Ile siku ya kwanza ulizunguka mwenyewe ukaingia upande wa abiria. Nikasema, basi, huyu anapenda kupelekwa."

"Mimi niliingia huko kwa sababu nilijua wewe unapenda kupeleka!"

Walitazamana. Mshonaji alikumbuka safari zote zile, yeye akitazama dirishani na leseni yake mkobani, mume akilowa jasho, na lile "mm." Alitaka kucheka, na kicheko kilikuja, lakini wivu ulikuja nacho, vimeshikana mikono.

"Na hili ulilotaka litembee hivi hivi, nani angeliendesha?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalitazama kama mtu aliyeona nyoka chooni. Nikaogopa."

"Na ungeimba?"

Mpima Macho alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Hiyo sijui," alisema. "Siwezi kukuahidi."

Jibu lile lilimchoma, lakini lilikuwa la kweli, naye aliliheshimu. Akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

Gari lilikohoa, likatoa moshi, likanguruma. Alitia gia ya kwanza, ikalia. Akatia tena, ikaingia. Wakatoka gereji miguu yao juu ya sakafu yenye matundu, lami ikipita chini yao wakiiona.

Kwenye kona wifi alikuwa getini kwake. Alipoona nani ameshika usukani, mdomo ulibaki wazi.

"Kaka! Ndiyo mnalipeleka kwa Nyundo?"

"Muulize dereva," alisema Mpima Macho.

Mshonaji alikuwa bado anapima, kama anavyopima ngozi kabla ya kukata. Nyundo akilichukua, atakwangua kila kitu. Kutu itakwenda, ngozi itakwenda, na ule mshono utakwenda. Na baada ya hapo? Marehemu atabaki picha iliyopanguswa vumbi, mwanamke mdogo anayecheka, mwenye Jumapili zake na mwimbaji wake, bila kosa hata moja duniani. Angeshindana vipi na mtu kama huyo? Aliutazama mshono ubavuni mwake. Ulikuwa mbaya kweli kweli. Kila atakayeingia garini atauona, na kila fundi atakayeuona atatikisa kichwa.

Acha uonekane, alijiambia.

Nyundo alikuwa amefungua geti la karakana yake pande zote mbili, amesimama katikati akiwaelekeza kwa mikono, njoo, njoo, kata kushoto. Mshonaji akapiga honi, akampita.

"Oyaa!" sauti ya Nyundo iliwafuata. "Mnakwenda wapi? Jumamosi ni leo!"

Mpima Macho aligeuka kutazama nyuma, kisha akamtazama mkewe.

"Hatulifumui?"

"Mpelekee salamu, mwambie azibe sakafu tu. Wiki ijayo."

"Na mshono?"

"Siugusi." Alibadilisha gia, safari hii bila kelele. "Lakini ule uzi wa viatu umeoza. Ukifumuka wenyewe, usiniombe niubembeleze. Nitaushona mimi, na utanyooka."

Mpima Macho alitikisa kichwa kukubali. Barabara ilifunguka mbele yao. Ule mto mdogo wa marehemu ulikuwa umeteleza na kuanza kumgusa Mshonaji kwenye nyonga, kila kona ukimsogelea kana kwamba una kiti chake pale. Aliuchukua kwa mkono mmoja bila kuondoa macho barabarani, akamwekea mumewe mapajani.

"Pakata wewe," alisema.

Akaupakata. Baada ya muda, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu viatu vipya dukani, alianza kuimba wimbo kwa pua, bila maneno. Mshonaji hakuujua wimbo huo. Alijua ulikuwa wa nani. Akakanyaga mafuta, injini ikaunguruma juu ya sauti yake, na mumewe, ili asikike, ikabidi aanze upya kwa nguvu.