Diski Namba Sifuri

Tobias alitaka kumfurahisha mkewe tu, basi. Kompyuta yao ya mezani ilichukua dakika kumi nzima kuwaka, na kila Jumapili Triza akitoka kanisani aliketi mbele yake, kitambaa bado kichwani, akingoja kumsikia binti yao. Ayuma alifariki mwaka juzi, na simu iliyomrekodi ikaibiwa sokoni Gikomba. Iliyobaki ni nakala moja humo ndani: mtoto wa miaka minane akikariri mstari wa shule ya Jumapili, akikosea, akicheka.

Jumapili hiyo Tobias akasingizia mgongo, akabaki nyumbani na diski mpya ya SSD, ile aina ya kuwaka upesi, ukubwa sawa na ya zamani. Hakuita fundi. Mtu aliyehesabu mabehewa ya reli miaka thelathini aitiwe fundi wa skrubu nne? Akafungua kasha, akachomeka mpya kando ya ya zamani, akaanza kuweka Windows upya. Kioo kikamwonyesha diski mbili: 0 na 1.

Sasa, relini behewa lililotangulia ndilo namba moja, halina mjadala. Kwa hiyo moja ni ile ya zamani, na sifuri ni hii ngeni. Mashine ikamwonya kwamba vyote vilivyomo kwenye sifuri vitapotea. Akacheka. Kitapotea nini, na diski yenyewe haijawahi kubeba kitu? Akabonyeza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia mtu mzima?

Kazi ilipoisha, mashine iliwaka kwa uvivu ule ule wa siku zote. Akalitafuta faili la Ayuma, hakuliona; akampigia fundi simu.

Nzivo, fundi wa pale Makadara, alikuja mbio na programu yake ya kufufua mafaili.

"Mzee wangu, si ungenishow kwanza? Hizi mashine huanza kuhesabu na sifuri. Umeandika juu ya ile ya zamani."

Walikaa saa mbili nzima. Picha za harusi zikarudi. Faili la Ayuma nalo likarudi, na jina lake kabisa, na Tobias akasema asante Yesu kwa sauti. Nzivo akalifungua. Lilikuwa kimya mwanzo hadi mwisho.

"Pole, mzee," Nzivo akasema. Akawawekea Windows kwenye diski mpya, akahamishia humo mafaili yaliyorudi, akaondoka bila kutaka malipo.

Tobias alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara ya kwanza Mungu ndiye aliyemchukua mtoto. Mara hii ni yeye, baba mtu, kwa kidole chake mwenyewe.

Triza akaingia kutoka mkutano wa akina mama uliofuata ibada, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

"Ai! Imewaka hata sijaketi? Baba Ayuma, Mungu akubariki."

Akalifungua faili la mwanawe. Akangoja. Akainamisha sikio kwenye spika, akagusa waya.

"Ongeza sauti kidogo. Simsikii."

Tobias akamshika mkono, akauondoa pale kwenye waya.

"Mama Ayuma," akasema, "nimemfuta."