Tuta la Mfalme Kiboko

Katika nchi ya Mfalme Kiboko, maji ya bwawa yalizuiwa na tuta la udongo, na chini ya tuta hilo waliishi wanyama wadogo. Kulitunza ilikuwa kazi yao, na kila mmoja aliifanya kwa saa iliyomfaa. Nguchiro alikuja akishanyonyesha wanawe. Mhanga, mchimbaji ambaye macho yake hayastahimili jua, alikuja jua likizama, akashindilia udongo mpaka nafsi yake iridhike. Mara nyingi aliziba nyufa ambazo hakutumwa kuzitafuta.

Siku moja Waziri Korongo aliingia barazani.

"Mtukufu Mfalme, nimepita tutani adhuhuri. Sikumkuta hata mmoja."

"Tuta limebomoka?"

"La, Mtukufu. Lakini utiifu usioonekana tutaujuaje?"

Mfalme alichovya uso majini, akafikiri, akaridhia. Amri ikatoka: wote wawe tutani tangu jua lichomoze hadi baragumu la jioni, na nje ya saa hizo asiguse udongo mtu.

Mhanga alikwenda kuomba. "Mheshimiwa Waziri, mchana sioni. Niachie saa zangu, kazi utaiona."

"Kazi nimeshaiona, bwana. Ninayetaka kumwona ni wewe."

Basi akaonekana. Alisimama juani machozi yakimtiririka, akihamisha udongo kutoka hapa kwenda pale. Nguchiro alisimama jirani, maziwa yakimvuja kifuani. Mwanzoni walinong'ona kwa hasira. Kufikia mwezi wa tatu wa amri hawakunong'ona tena. Korongo aliwahesabu kila asubuhi, wakatimia, na Mfalme akamvisha nishani.

Masika yakaingia. Jioni moja, baragumu likiwa limekwisha kulia, Mhanga aliona maji yakipenya kwenye ufa wa upana wa kidole. Alijua maana yake. Alisubiri moyo umshtuke. Haukushtuka. Akapangusa kucha zake, akaenda zake.

Alfajiri tuta likapasuka. Maji yalifagia mashimo yote ya bondeni, pamoja na watoto watatu wa Nguchiro.

Mfalme aliwaita walionusurika. "Nani aliuona ufa?"

"Mimi," Mhanga alisema.

Nguchiro aligeuka. Mhanga alimtazama, akingoja kuraruliwa.

"Hata mimi niliuona," Nguchiro akasema taratibu. "Niliuruka. Nilikuwa nawahi kunyonyesha."

"Hata mimi," akasema mwingine nyuma. Na mwingine. Sauti zao hazikupanda wala kushuka. Korongo aliinamisha shingo yake ndefu.

Kwa mara ya kwanza Mfalme aliogopa. "Amri nimeifuta! Tangu leo kila mmoja afanye kazi saa aitakayo. Lijengeni tuta upya, kwa namna mnayoijua nyinyi!"

Hakuna aliyeshangilia. Waliinama kwa heshima, kisha wakabaki wamesimama kwenye matope.

"Haya, nendeni basi," Mfalme akawasihi.

Mhanga alinyanyua uso.

"Twende wapi, Mtukufu?" akauliza kwa adabu.