Mlango wa Uani

Gari ilipiga honi mara ya pili, na Bi Mwatum bado alikuwa uani, kalishika kufuli mkononi. Lilikuwa kufuli jipya, zito, limetiwa kwenye mlango wa mbao zilizoliwa na mchwa.

"Bi Mwatum! Wageni washatoka hotelini!" aliita Ahmada kutoka njiani.

"Naam, nnakuja. Nipe ufunguo kwanza."

"Ufunguo nshampa mwenye nyumba tangu jana. Nyumba si yetu tena, mama."

Aliliachia kufuli likagonga mbao. Miaka yote aliyokaa katika nyumba ile ya Kikwajuni mlango huo haukuwahi kukomewa. Usiku ulisukumiziwa kinu tu, tena kinu chepesi, ili hata msichana asiye na nguvu aweze kukisogeza na kuingia.

Bi Mwatum alikuwa mwosha maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na alidhani angeimaliza hivyo hivyo, kwa vizee na wazazi waliofia uzazini. Kisha ukaingia unga wa kulevya mitaani, akaanza kuitiwa wasichana. Mmoja wao alikuwa mtoto aliyesoma chuo cha Kurani pamoja na mwanawe, na siku hiyo watu wake waliona aibu hata kuja. Walileta sanda wakaiacha mlangoni. Bi Mwatum alimwosha, akamvisha, akarudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti na kulia kwa hasira. Alisema amechoka kuwapokea watoto wa watu wakishakufa. Aliyemfuatia alimpokea angali hai.

Ndivyo ilivyoanza. Hapakuwa na jina wala bango. Palikuwa na uji, mkeka, ndoo ya wenye kutapika, na sharti moja ambalo kila msichana alilisikia mpaka akalichoka. "Ukianguka, njoo kwanza. Pitia uani, hutaulizwa kitu mpaka ulale uamke. Lakini usirejee kipimo chako cha zamani. Wewe unakikumbuka, mwili ushakisahau." Alijua alisemalo, maana aliokuwa akiwaosha wengi wao hawakufa wakiwa watumiaji. Walikufa siku ya kurejea, baada ya kuacha.

Ahmada alikuja kwa shukrani. Dada yake aliponea kwenye mkeka ule, sasa ana mume na watoto, naye Ahmada akaapa kwamba kitu kama kile hakiwezi kuachwa kife na bibi mmoja. Kijana alikuwa amesoma, ana ulimi, ana Kiingereza. Akaisajili jumuiya, akaiita Mlango Wazi. Siku ya kwanza alipomleta mpiga picha, Bi Mwatum alijifunika uso. "Mficha uchi hazai, mama," alimwambia, na kweli walizaa. Ulikuja mchele, ikaja ofisi Shangani, ikaja gari, mwisho likaja jengo la Fumba lenye vitanda vya chuma na feni. Kila msaada ulikuja na sharti lake, na kila sharti ukilitazama peke yake lilikuwa na maana. Msichana mpya apimwe kwanza na daktari. Apokewe Jumatatu, akiwa na barua ya sheha wa mtaa wake. Atakayeteleza akae nje miezi mitatu, apishe wengine. Bi Mwatum aliyakubali moja moja, kama mtu anayevuliwa nguo na watoto wake mwenyewe kwa ajili ya kuogeshwa.

Asubuhi hii moyo wake ulikuwa kwa Zuleikha. Zuleikha ndiye msichana aliyesonga ugali wa nyumba nzima huku akiiga sauti ya sheha mpaka watu wakapaliwa kwa kicheko. Wiki iliyopita aliomba ruhusa kwenda harusini kwa binamu yake, na hakurudi. Bi Mwatum hakuhitaji kuambiwa alikokuwa. Alijua pia kwamba atarudi, na atapita uani.

"Acheni hata mtu mmoja hapa," alisema alipoingia garini. "Zuleikha yuko njiani, mie namjua."

"Nimebandika tangazo mlangoni. Tumehamia Fumba, na nambari ya simu ipo."

Bi Mwatum alimtazama. Msomi mzima, na hajui kwamba simu ndicho kitu cha kwanza kuuzwa na aliyerudi kwenye unga.

Fumba kulipambwa kwa ufunguzi wa jengo. Turubai jeupe, viti vimevishwa vitambaa, maji ya chupa, na boksi za fulana za kugawiwa watu, zimeandikwa kifuani *Mlango Wazi* na chini yake *Karibu Nyumbani*. Wasichana waliimba kasida. Mgeni rasmi alizungumza, akazungumza, akatoa kitambaa akajifuta, akaanza upya. Alisema mapambano dhidi ya dawa za kulevya ni ya kila mmoja wetu, na watu wakapiga makofi. Bi Mwatum alikuwa kiti cha mbele, fulana imevalishwa juu ya kanzu yake kama mtoto wa skuli.

Ndipo alipouona ushungi wa manjano getini.

Zuleikha alikuwa amejikumbatia mikono kama mwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Alikuwa akimweleza mlinzi kitu, na mlinzi akitikisa kichwa. Bi Mwatum alisimama. Wakati huo huo Ahmada akamshika bega, na jina lake likatangazwa kwenye kipaza sauti: mwasisi wetu, mama yetu, akate utepe.

"Yule pale Zuleikha," alimnong'oneza.

"Nimemwona. Nishamtumia mlinzi neno ampe maji na fulana, aje Jumatatu na barua. Ile miezi mitatu n'tamsamehe."

"Ana arosto, Ahmada, mwili unamdai unga. Mtu wa arosto haambiwi Jumatatu."

"Bi Mwatum, wafadhili hawa ndio watakaotulipia umeme na chakula. Kule tulikuwa na watano, hapa wataponea arubaini. Leo wakimuona mtu anatapika getini..." Akamsogezea mkasi. "Kata kwanza, kisha umfuate. Dakika mbili."

Alitakiwa kukataa. Alilijua hilo pale pale, mguu mmoja ukiwa umeshaanza kuelekea getini. Lakini watu wote walikuwa wamesimama wanampigia makofi, na mwanamke aliyelelewa kuheshimu wageni hajui namna ya kuwapa mgongo. Akaushika mkasi. Haukuwa mkali, utepe ulijikunja ndani yake badala ya kukatika, watu wakacheka kwa upole. Ulipokatika, mpiga picha alisema hakupata vizuri. Wakafunga utepe mwingine, akakata tena, safari hii akitabasamu kama alivyoambiwa.

Alipofika getini palikuwa na mlinzi peke yake.

"Kaelekea wapi?"

"Kashika njia ya mjini, bibi, kwa miguu. Fulana nimempa, kaivaa papa hapa juu ya nguo zake. Kanishukuru."

"Kasema nini?"

Mlinzi alikuna shingo. "Kauliza kama kuna mlango wa nyuma. Nikamwambia jengo hili lina geti moja tu."

Gari ya jumuiya ilikuwa inawarudisha wageni, kwa hiyo Bi Mwatum aliomba lifti kwenye gari ya mchanga, akaenda akiikodolea macho kila kona ya barabara. Alimuuliza muuza madafu, akawauliza mafundi waliokuwa wakipumzika. Hakuna aliyemwona. Alifika Kikwajuni adhuhuri imeshaswaliwa, akaenda moja kwa moja uani kwenye kufuli. Hapakuwa na mtu.

Bado amesimama pale simu ikalia. Alikuwa Biasha, mwenzake katika kuosha.

"Shoga, njoo kwa Bi Mardhiya. Kaletewa mwanawe, Zuleikha. Kakutwa kwenye jengo ambalo halijaisha, njia ya Fumba."

Unga hauulizi barua ya sheha, wala haungoji Jumatatu. Zuleikha alikuwa ameupata karibu, akapima kipimo chake cha zamani. Polisi nao hawakukawia naye. Teja hachunguzwi sana. Kabla ya alasiri alikuwa kitandani kwa mama yake, kafunikwa kanga.

Bi Mwatum alifanya kazi yake. Maji ya majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kisha maji ya karafuu maiti. Alipomvua alikuta fulana ikiwa bado na mikunjo yake ya ndani ya boksi. Biasha aliisoma, akatazama pembeni. Bi Mwatum aliikunja kwenye mikunjo ile ile, akaiweka kando. Mkono wake ulikuwa imara kama siku zote, na alijichukia kwa hilo.

Walipomaliza kumvisha sanda, aliitwa nje. Ahmada alikuwa amesimama kwenye ujia, macho mekundu. Alikuwa amelia kweli. Angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi.

"Nasikia anayo fulana yetu."

"Anayo."

"Itie mfukoni, mama, nakuomba. Wageni bado wako hotelini. Hili likifika kwao, jengo litafungwa, na wale wote waliomo warudi njiani. Mwenye kufa keshakufa." Akashusha sauti. "Na mwosha hasemi alichokiona. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ni kweli aliwafundisha. Kovu, alama ya sindano, mimba isiyojulikana, yote mwosha huyafukia kifuani kabla wanaume hawajafukia kaburi. Kwa sharti hilo watu walimwamini, na kwa kuaminiwa huko wasichana walikubali kulala kwake. Aliitia fulana mfukoni. Ahmada akambusu mkono, akaenda kujiunga na wanaume.

Jeneza lilitoka. Wanawake wakabaki ndani, wamekaa chini, wengine wameshika juzuu. Bi Mardhiya alikuwa pembeni mwa ukuta, hana hata chozi, na alimwita Bi Mwatum akae karibu yake.

"Sikuulizi uliyoyaona mwilini mwake, mwenzangu. Nakuuliza neno moja tu. Alfajiri kaniamsha, kanambia, Mama, nnakwenda kwa Bi Mwatum, na safari hii siondoki tena. Kanibusu, kaniomba radhi. Alifika?"

Biasha alimgusa Bi Mwatum mguu kumwonya. Nje sauti za wanaume zilikuwa zikififia na la ilaha illa-llah yao. Bi Mwatum aliwafikiria wale waliolala Fumba chini ya feni, mmoja mmoja kwa majina yao, akajua kwamba akisema, wao pia anawaweka kwenye mizani. Kisha akaitoa fulana mfukoni akaiweka juu ya mkeka.

"Nilichokiona mwilini mwake n'tazikwa nacho," alisema. "Lakini mlango si mwili wake. Mlango ni wetu. Alifika. Kwanza alikuja uani akakuta kufuli na tangazo. Akaja Fumba, nikamuona kwa macho yangu, nikashika mkasi wa utepe. Hatukumfungulia."

Bi Mardhiya aliivuta fulana, akaitandaza mapajani na kuinyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, huku na huku.

"Ungenambia hakufika," alisema hatimaye. "Ningejua kanidanganya, kama siku zote. Ningelia nikanyamaza. Sasa n'tanyamazaje?"