Miji Inayotajwa Ndani ya Tangi

"Manibe!" alisema Santo kutoka ndani ya tangi, na Duku akavuta ndoo.

Ilipanda nzito, imejaa tope jeusi la petroli. Duku aliimwaga kwenye pipa, akaiteremsha tena, kisha akachukua kioo cha pikipiki na kurusha mwanga wa jua kupitia tundu. Taa hawakuthubutu kuingiza. Aliona kofia ya Santo na kamba iliyomfunga kifuani, basi.

Lori lilisimama katika uwanja mmoja wa Koboko, kwenye njia ya Oraba. Tangi lake lilikuwa na vyumba vitatu. Wakimaliza kusafisha viwili leo, kingebaki kimoja cha kesho. Mashine ya kupima hewa haikuwapo. Hajji Hamdani, msimamizi, alikuwa na utaratibu wake: kila ndoo ikipanda, aliye ndani ataje mji, kutoka Arua mpaka Kaya, halafu aanze upya. Akikosea, mvuke umempanda kichwani, avutwe nje. Jioni kila mtu alipewa nusu lita ya maziwa, ya kuosha kifua.

"Maracha! Hapa mimi nangoja kuku yenye shangazi yako aliniahidi siku ya harusi, shemeji. Mwaka ya tatu sasa. Hiyo kuku iko bado yai?"

Duku alicheka. Santo alikuwa mume wa dada yake, Kiden, na hakuacha kumchokoza. Wiki iliyopita alikosea mji kwa makusudi. Duku akamvuta mbio, na Santo akatoka anacheka. Tangu siku hiyo uwanja mzima ulimwita Duku Mama Woga.

"Koboko!"

Ndoo iliyofuata ilichelewa.

"Manibe," alisema Santo.

"Umesema nini?"

"Manibe." Kikafuata kicheko kidogo.

Duku aliishika kamba, hakuvuta. Alitaka kuwa na hakika. Kicheko kilikuwa cha Santo, lakini Santo akitania hungoja ajibiwe. Duku aliikumbuka damu ya puani, mara mbili mwezi huu, ambayo shemeji yake aliifuta kwa tambara la kazi akisema ni vumbi.

"Shemeji, wacha mchezo. Ukitoka Koboko, unafika wapi?"

"Koboko iko wapi?"

Aliuliza taratibu, kama mgeni aliyepotea. Duku akajikita kwa miguu. Alivuta. Kamba ilikaza, kisha uzito wote ukamlemea. Santo hakuwa akijisaidia tena kwa miguu.

"Hajji! Hajji!"

Hamdani alipanda ngazi akihema. "Usiingie! Mukiingia wawili, navuta maiti mbili!"

Mabega ya Santo yalikwama tunduni. Walimgeuza, wakavuta tena, akatoka macho wazi bila kuwaona. Walimshusha chini, wakamlaza ubavu. Hamdani alikuja na kikombe cha maziwa.

"Hapana, Hajji," alisema Duku, akifunika kikombe kwa kiganja. "Atapaliwa."

"Watu yote hapa wanakunywa."

"Wanakunywa. Sijui kama inawasaidia. Tumvue nguo kwanza."

Walimvua ovaroli iliyolowa na kumwosha kwa maji na sabuni. Santo alitapika, akavuta pumzi ndefu, akamtazama Duku usoni.

"Kiden?"

Duku alingoja acheke. Hakucheka.

Hamdani aliita boda. "Imebaki chumba moja," alisema bila kumtazama mtu. "Kesho saa moja. Zamu ni yako, Duku."

"Nitakuja, Hajji. Nitafungua mfuniko, hewa iingie. Kuingia mwenyewe, hapana, mpaka mashine ya kupima ipatikane."

Hamdani alimsaidia kumpandisha Santo kwenye boda.

Kwenye boda Duku alikaa nyuma, amemkumbatia Santo ili asianguke, akihesabu kila pumzi iliyoinua mgongo wake. Katika zahanati muuguzi, Zuhurah, alisikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Atalala hapa. Damu tutapima asubuhi. Amefanya hiyo kazi muda gani?"

"Miaka minne."

Aliandika. Kisha akainua macho, akamtazama Duku, mikono yake iliyopasuka na kucha zilizoingia weusi usiotoka.

"Na wewe?"

"Sita."

Zuhurah alivuta karatasi ya pili, akaandika tarehe ya kesho.

"Jina lako?"

Duku alilitaja, polepole, akisikiliza kama amelisema sawa.