Kisogo Kamili

Mizani ya fundi saa ilikuwa ndogo kuliko zote alizokagua mkaguzi wa mizani wiki ile. Ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo ili pumzi ya mtu isiitikise, na ilipima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mkaguzi aliweka jiwe la gramu tano, akasubiri mshale utulie, akaandika. Akarudia kwa jiwe la gramu kumi. Ilikuwa sahihi. Alibandika lakiri ya mwaka, akapuliza vumbi kwenye kioo, na hapo ndipo alipoiona albamu iliyofunguliwa kando ya mizani. Kurasa zake zilikuwa za plastiki zenye vijumba, na ndani ya kila kijumba mlikuwa na sarafu moja.

“Na hizi zinauzwa?” aliuliza.

“Zinakaa tu,” fundi saa alijibu. “Mimi nazitazama, na zenyewe zinanitazama. Una umri gani, mkaguzi?”

“Hamsini na nane.”

“Umechelewa kidogo, lakini bado hujaachwa.”

Mkaguzi alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na daktari alikuwa amemshauri atafute kitu cha kushughulisha mikono jioni, mbali na kukagua risiti za mkewe za sokoni. Alinunua albamu siku hiyohiyo. Fundi saa alimpa masharti ya mwanzo kwa mdomo, huku amebana lenzi jichoni. Sarafu hushikwa ukingoni, haishikwi usoni. Haisuguliwi hata ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, kwa sababu anayeisugua huiondolea umri, na umri ndio thamani yake. Mwanafunzi asikimbilie kununua. Aanze nyumbani kwao.

“Waulize wazee wako,” alisema. “Kila nyumba ina sarafu moja iliyosahaulika. Kwenye droo, kwenye kopo la vifungo, kwenye mfuko wa koti la marehemu. Anzia hapo.”

Wazee wa mkaguzi walikuwa mtu mmoja, shangazi yake. Alimchukua akiwa na miaka sita, akamlea na kumsomesha kwa kushona mapazia ya maofisi, na sasa alikaa peke yake katika vyumba viwili juu ya duka la rangi, akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli. Watu aliwatambua kwa sauti, vitambaa kwa vidole.

“Sarafu ya zamani ninayo,” shangazi alisema, “ila iko kazini.”

Alimwonyesha dirisha. Washona mapazia hushonea kitu kizito ndani ya pindo, pembeni, ili pazia lishuke wima na upepo usilichezee. Wengi hutumia vipande vya chuma. Shangazi alitumia sarafu ya kwanza aliyowahi kulipwa, akiwa na miaka kumi na saba, na kila alipobadilisha pazia alifumua pindo la zamani na kuihamishia kwenye jipya. Mkaguzi alipiga magoti, akamulika tochi kupitia kitambaa kilichochakaa. Aliona kichwa cha mtawala wa zamani, uso umeelekea kushoto, na chini yake mwaka.

“Niuzie, shangazi.”

“Nikuuzie wewe! Nikifa si ni yako? Subiri nife kwanza, wala si mbali.”

“Basi nipe sasa.”

“Hiyo sikupi, baba. Naishika kila asubuhi ninapofungua pazia. Ndiyo inayoniambia nimefika kwenye pindo.” Alicheka. “Haraka yote hii ya nini? Hata kaburi halinisukumi hivyo.”

Jioni ile mkaguzi alisoma kitabu cha orodha alichoazimwa na fundi saa. Mwaka aliouona kwenye pindo, kiwanda kilipiga sarafu za aina hiyo kwa siku tisa tu kabla muhuri wa kupigia haujapasuka. Zilizojulikana kubaki zilikuwa kumi na moja.

Mkaguzi hakuwa mwizi, wala hakujihesabu hivyo. Alizipanga hoja zake kama alivyopanga ripoti. Pindo liliisugua sarafu kila asubuhi na kila jioni, na kila msuguo uliipunguza. Mwenye pazia hakuweza kuiona. Hatimaye ingekuwa yake kwa tamko la mwenyewe. Na kazi ya sarafu ndani ya pazia ilikuwa uzito wake, gramu kumi na moja na nusu, na uzito unaweza kupatikana kwingine. Alichukua sarafu ya kisasa yenye upana uleule, iliyozidi kwa gramu moja kamili, akaipunguza kwa tupa ndogo huku akiipima kwenye mizani ya ofisi, mpaka tofauti ikawa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Matokeo aliyaandika kwenye daftari lake, na tarehe.

Jumapili alimwambia shangazi kwamba pazia limeshika vumbi, alichukue akalifue. Shangazi alimshukuru, akamwombea maisha marefu na watoto wenye adabu kama yeye. Alilirudisha Jumatatu, limefuliwa, limepigwa pasi, pindo amelishona kwa mkono wake. Alilitundika. Lilishuka wima.

Shangazi alipitisha vidole kwenye pindo mpaka pembeni, vikasimama hapo.

“Umelishona mwenyewe?”

“Uzi ulikuwa umekatika.”

“Mishono mirefu kama ya gunia,” alisema. “Lakini limenyooka.” Akaenda kumwekea chai.

Sarafu ilikaa katika kijumba cha kwanza cha ukurasa wa kwanza. Wiki ya kwanza kichwa kiligeuka kiasi cha nyuzi kumi. Mkaguzi alidhani ni mwanga, akachukua kipimapembe, akapima, ikawa kumi. Wiki ya tatu pua haikuonekana tena, lilibaki shavu na sikio. Wiki ya saba hata shavu lilikuwa limeondoka, na kilichobaki ndani ya duara ni nywele zilizochanwa kwa nyuma, kola, na mikunjo miwili ya shingo juu ya kola. Mwaka ulibaki palepale. Uzito haukubadilika.

“Mbona huyu haangalii watu?” mkewe aliuliza alipokuwa akifuta meza.

“Amegeuka.”

“Kama wewe tu ukiombwa kuosha vyombo,” mkewe alisema, akaendelea na kitambaa chake.

Aliipeleka kwa fundi saa, ambaye aliitazama kwa lenzi kwa muda mfupi tu.

“Amekupa kisogo,” alisema. “Hutokea. Mimi ninazo tatu.” Alivuta droo ya chini, akaonyesha shingo tatu za watu watatu tofauti. “Chama chetu kina madaraja. Kuna robo kisogo, nusu kisogo na kisogo kamili. Hii yako ni kamili. Hongera.”

“Husababishwa na nini?”

Fundi saa aliifuta lenzi. Aliifuta zaidi ya ilivyohitaji.

“Hilo kwenye chama hatuulizani,” alisema.

Chama kilikutana Jumamosi mbili kila mwezi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Wanachama walikuwa ishirini na wawili, wengi wastaafu, watu wa kunyoosha mistari kwa rula. Daftari la chama lilikuwa na safu za mwaka, madini, uzito, hali na asili. Kwa sarafu za kawaida, safu ya asili ilijazwa kwa kirefu: duka fulani, mnada fulani, zawadi ya babu. Kwa visogo iliachwa wazi, na aliyekuwa akiandika alihamia mstari unaofuata bila kuinua macho.

“Wewe mgeni una miezi miwili na umeshapata kamili?” alisema karani wa posta, mama mnene aliyehamia kwenye sarafu baada ya kuchoshwa na stempu. “Wenzio tunahangaika na robo kisogo za mama mkwe!”

Wote walicheka. Halafu kila mmoja akatazama ndani ya kikombe chake.

Mkaguzi alikuwa akimtembelea shangazi kila Jumapili kwa miaka thelathini. Sasa alianza kwenda Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, na alipofika alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, si dirishani. Shangazi alimuuliza kama kazi zimezidi. Alijibu kwamba zimezidi. Alipoondoka alishuka ngazi kwa kasi, na alipofika barabarani masikio yake yalikuwa ya moto, kama ya mtoto aliyevutwa.

Mwezi wa kumi chama kilifanya maonyesho yake ya mwaka katika ukumbi wa maktaba. Sarafu ya mkaguzi iliwekwa kwenye meza ya kati, juu ya kitambaa cha mahameli, chini ya kioo, na kadi yenye maneno Kisogo Kamili. Jaji alitoka katika chama kingine. Ilipofika saa tisa ilikuwa wazi kwa kila mtu hati ya ushindi itakwenda kwa nani. Mkaguzi alivaa suti, na alikuwa akijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hadi mlango ulipofunguliwa, akamwona mkewe akiingia amemshika shangazi mkono. Mkewe hakujua lolote. Alitaka tu mzee amsikie mwanawe akipigiwa makofi.

“Yuko wapi bingwa wetu?” shangazi alisema. “Nimevaa viatu vya harusi kwa ajili yake.”

Fundi saa alimpokea kwa heshima zote, akamvutia kiti. Aliona jinsi macho yake yalivyokuwa meupe, akafanya jambo ambalo mtu muungwana angefanya.

“Shikamoo, mama. Huwezi kuja mpaka hapa ukaondoka bila kuijua. Nitakufungulia kioo uishike.”

“Itaharibika,” mkaguzi alisema.

“Bwana, sarafu haina mifupa. Mwache mama aishike.”

Akaiweka kiganjani mwake. Shangazi aliizungushia kidole gumba ukingoni, mara moja, polepole, kisha akakipitisha juu, na kidole kikasimama.

Kichwa kiligeuka. Kiligeuka kama mtu aliyeitwa kwa jina akiwa amekaa kwenye benchi: lilitokea sikio, kisha shavu, kisha pua. Kilipofika upande wake wa asili, kuelekea kushoto, hakikusimama. Kiliendelea mpaka yakaonekana macho yote mawili, kikamtazama mwenye kiganja.

“Ee, amerudi,” alisema karani wa posta.

Jaji alisogea, akainama, akathibitisha. Alieleza kwa masikitiko kwamba katika hali hiyo sarafu haingii tena kwenye daraja la visogo. Ilibaki kuwa adimu, hilo halina ubishi, lakini daraja la kawaida halikuwa na zawadi mwaka huo. Alitazama saa yake. Wanachama walitazama karatasi za ratiba.

Fundi saa alipiga goti kando ya kiti. Sasa hakuwa akimtazama usoni.

“Mama, naomba radhi sana. Ukiiweka tena kwenye kitambaa, huenda akageuka tena.”

“Na akigeuka kuna nini?”

“Kuna hati, mama. Na jina la mwanao kwenye ubao wa chama.”

“Na nikiendelea kuishika?”

“Hakuna kitu.”

Shangazi alinyanyua uso, akautega upande ilikotoka pumzi ya mkaguzi. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

“Mwanangu, uko hapo?”

“Niko hapa, shangazi.”

“Una la kusema?”

Lililotakiwa lilikuwa maneno mawili: ni yake. Mkaguzi aliyapima. Watu ishirini na mmoja walimsubiri, na kila mmoja wao alijua maneno hayo ni yapi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake nyumbani, kwenye droo ya chini. Mkewe naye alikuwa amekwisha kuelewa, akawa anaufunga na kuufungua mkoba.

“Ukumbi unafungwa saa kumi na moja, shangazi,” mkaguzi alisema.

Shangazi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitambaa ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Alipapasa mpaka akaipata mahameli, akaiweka sarafu juu yake, akaondoa mkono.

“Mpeni hati yake,” alisema. “Asije akacheleweshwa na mimi.”

Jaji aliihesabia muda. Ilichukua sekunde arobaini: macho, pua, shavu, sikio. Kisha nywele, kola na mikunjo ya shingo. Kisogo kamili. Jina la mkaguzi lilisomwa, na wanachama walipiga makofi wakiwa wameinamia ratiba zao.

Ndani ya teksi shangazi alikaa katikati. Alishika hati magotini, akapitisha kidole kwenye muhuri uliochomoza.

“Karatasi nzuri,” alisema. “Nzito. Wameandika sarafu imetoka wapi?”

“Pameachwa wazi,” mkaguzi alijibu.

“Haya.”

Teksi ilisimama mbele ya duka la rangi. Mkewe ndiye aliyempandisha shangazi ngazi. Mkaguzi alibaki kwenye teksi, akimwambia dereva kwamba hawatakawia.

Kikao cha mwezi uliofuata kilipitisha kanuni moja mpya: wageni wasiguse sarafu zinazoonyeshwa, hata kwa kusaidiwa na mwanachama. Ilipita bila kupingwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, aliyetoa hoja ni mkaguzi wa mizani. Sababu aliyoitaja ni mafuta ya vidole, ambayo huharibu madini, jambo ambalo ni kweli.