Ng'ombe Wawili wa Bagika

Niliangushwa kwenye kura za maoni kwa sababu ya ngoma iliyochezwa kabla sijazaliwa. Hadi leo nikikumbuka nasaga meno.

Nimekuwa diwani vipindi viwili. Nimepigania zahanati. Nimegombana na wakubwa Bariadi juu ya barabara ya kupitishia pamba mpaka wakawa wakiniona mlangoni wanajifanya wana simu. Hayo yote hayakuwa kitu. Kilichoniponza ni kitabu nilichoandika, historia ya kata yetu, na humo ndani ukurasa mmoja tu.

Sisi kwetu mtu ni Mgika au ni Mgalu, kufuatana na kundi la ngoma la ukoo wake. Baada ya mavuno makundi hayo, Bagika na Bagalu, yanashindana, kila moja kwenye uwanja wake, yakitazamana. Hakuna refa. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Bagika wa hapa bado wanaiimba siku ile watu walipouhama uwanja wa Bagalu wakamiminika kwao. Bagalu nao hawakatai, wanasema walizidiwa dawa.

Baba yangu, mzee Masunga, ndiye aliyekuwa manju, kiongozi wa nyimbo, wa Bagika siku hiyo. Alipokuwa mgonjwa aliniambia kilichotokea. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya, watu wana njaa, nao Bagika wakachinja ng'ombe wawili nyuma ya uwanja wao na kuchoma nyama upepo ukielekea kwa wapinzani. Watu walifuata harufu. Nikaandika hivyo hivyo.

Bagika walikasirika, na hilo nililitegemea. Walionishangaza ni Bagalu. Mkubwa wao, mzee Maduhu, alikuja nyumbani kwangu akakataa kiti.

"Ng'wana Masunga, kushindwa kwa dawa si aibu," alisema. "Hata mganga huzidiwa na mganga mwenzake. Wewe umeandika kwamba baba zetu walishindwa na mchuzi."

"Ilikuwa nyama choma, mzee."

"Ufute ukurasa huo kabla ya kura."

"Sifuti."

Nilikataa kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilikuwa na haki. Diwani akifuta historia kila anapotishiwa kura, aache kuandika akauze vocha.

Basi wakanitia adabu. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata pa kuchimba kisima walikaa kikao kimoja, wakampa kura Ndaki, muuza mbolea ambaye hajaongoza hata kamati ya harusi. Matokeo yaliposomwa walishikana mikono, Bagika na Bagalu, wakicheka mbele ya macho yangu. Wanafiki wakubwa.

Nilienda moja kwa moja kwa mama, Milembe, anayeishi nyuma ya nyumba yangu. Yeye pia ni mwanachama wa tawi letu la chama na alikuwa amepiga kura asubuhi hiyo. Nilimkuta anapeta choroko.

"Mayu, watu hawa hawana shukrani," nikasema. "Nimewatumikia miaka yote, leo wananitupa kama takataka kwa sababu nimesema kweli."

Hakuinua macho. "Hata mimi sikukupa kura."

Aliendelea kupeta.

"Mimi ni binti wa Bagalu," alisema. "Siku ya ngoma ile niliuvuka uwanja mbele ya kaka zangu, kila mtu akiona. Walinipiga sana, na bado nikaolewa na yule niliyemfuata. Nilifuata sauti yake. Sasa wajukuu zangu wanasoma kwamba bibi yao alifuata nyama."

"Baba mwenyewe ndiye aliyesema, mayu."

"Baba yako alikuwa anaimba. Angejuaje kila mtu alifuata nini?" Akaweka ungo chini, na sasa akanitazama. Alikuwa na hasira kuliko mimi. "Umeenda Binza, umeenda Zagayu, umelala Kiloleli kwa watu usiowajua ukiuliza habari za wazee. Mimi niko hapa nyuma ya nyumba yako, mwanangu. Hukuniuliza hata siku moja."