Siri Iliyosemwa kwa Kiingereza

Huko Masakta, wilayani Hanang, Kiingereza ni lugha ya saa za shule tu. Asubuhi wanafunzi wanakivaa pamoja na sare, na kengele ya mwisho ikigongwa wanakivua, kila mmoja anarudi kwao na Kiiraqw chake na Kiswahili chake. Nyumbani hakina kazi. Ng'ombe hawakijui, bibi hakitaki, na ukijaribu kumwamkia mzee kwa Kiingereza badala ya shikamoo, utajua hujui. Ndiyo maana Evaline, binti wa marehemu Hhando, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliamini kabisa kwamba jambo likisemwa kwa Kiingereza darasani litabaki humo humo darasani.

Na jambo lenyewe halikuwa lake, lilikuwa la mama yake.

Mama Evaline, jina lake Hilaria, alikuwa msomaji wa kigango, yule anayewasomea waamini Maandiko kanisani. Jumapili alipanda mimbarini na kitenge chake cha kijani, akafungua kitabu, na hata watoto wakorofi wa benchi la nyuma wakaacha kusukumana. Hakusoma kama wale wasomaji wanaofukuzana na maneno kwa kidole. Aliinua macho, akawatazama watu usoni, akawaambia habari ya Mungu kama mtu aliyetumwa kwao mmoja mmoja. Katekista Onesphory, ambaye kumsikia akimsifu mtu ni sawa na kuona mvua ya mwezi wa nane, aliwaambia wasomaji wengine waende wakajifunze kwa Mama Evaline.

Wangejifunza nini? Mama Evaline hakujua kusoma. Utotoni alipewa ndama achunge wakati kaka zake wakienda shule, na ndama hawafundishi herufi. Alipoolewa, sauti yake ikasikika kwenye kwaya, na katekista akamwomba asome. Akaona aibu kukataa mbele za watu. Usiku ule mumewe akamsomea somo mpaka likamkaa kichwani, na Jumapili akalisema lote bila kukosea, kitabu kikiwa wazi mbele yake kwa ajili ya heshima tu. Wiki iliyofuata kuusema ukweli kulikuwa kugumu zaidi, na iliyofuata ndiyo kabisa. Hhando alipofariki, Hilaria alimwita binti yake jikoni akamweleza yote, akamalizia, "Sasa nina wewe tu."

Tangu hapo kila Jumamosi mama alikaa na beseni la mahindi akipukuchua, na Evaline alikaa na Biblia. Binti anasoma sentensi, mama anairudisha. Beseni likijaa, somo nalo limeingia. Jioni Hilaria alikuwa akiwasemea ng'ombe wakati anakamua, na kesho yake aliwasemea watu. Evaline, ambaye Baiolojia ilimtoka kichwani kabla hajafunga daftari, hakuelewa kichwa cha mama yake kimeumbwaje. Alimstahi mno. Na kinachouma ni kwamba hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Mwalimu Scola, dada mmoja wa Mbinga aliyepangiwa Masakta na kuzoea baridi yake kwa manung'uniko, akaandika ubaoni neno "confide". Akaeleza kwamba ni kumwambia siri yako mtu unayemwamini. Akataka kila mmoja atunge sentensi, tena ya kweli, maana alikuwa amechoka na wale John na Mary wa kwenye vitabu ambao hawana siri yoyote ya maana. Wanafunzi wakajikaza. Mmoja akasema anamwambia siri zake mbwa. Mwingine akasema hamwambii mtu, na mwalimu akamwambia basi hajalitumia neno.

Zamu ya Evaline ilipofika, kile kilichokaa moyoni siku zote kikapata mlango. "My mother confides in me," akasema, na kwa kuwa mwalimu aliuliza anamwambia nini, akaendelea kwa Kiingereza hicho hicho: kwamba mama yake hajui kusoma, na masomo yote ya kanisani anayashika kwa kichwa, na hakuna mwenye akili kama yeye Hanang nzima.

Vichwa vyote vikamgeukia. Hapo ndipo Evaline alipoona alichofanya. Nusu ya vichwa vile ni vya watoto wa kigango kimoja naye, na aliyekaa naye dawati moja, kiwiko kwa kiwiko, ni Eufrasia, binti wa katekista. Mwalimu Scola, aliyesali kigango hicho hicho, alimtazama kidogo akasema, "Vizuri. Kaa." Akamwita anayefuata.

Wiki ile Evaline hakula vizuri. Jumapili hiyo Padre Wolfgang angekuja kutoka parokiani kuwabariki wasomaji mbele ya waamini wote, na Mama Evaline ndiye alikuwa wa kwanza kutajwa. Kwa mtu mwingine ni sherehe tu. Kwa Hilaria, mjane asiyeulizwa neno kwenye mikutano ya kijiji, ambaye hata shemeji zake wanamkatiza akiongea, mimbari ile ilikuwa mahali pekee duniani ambapo watu walinyamaza ili wamsikilize yeye. Ikijulikana, atanyang'anywa. Evaline alitaka kumsihi Eufrasia anyamaze, akaogopa kwamba kumsihi ni kumkumbusha. Kila alipompita katekista njiani alimwamkia shikamoo huku akimpekua uso. Katekista aliitikia marahaba kwa ukavu wake wa siku zote, na uso wake haukumwambia kitu.

Jumamosi walipukuchua kama kawaida. Somo lilikuwa la nabii, kuhusu nchi kavu itakayopata maji na vipofu watakaoona. Na kwa vile kiangazi kilikuwa kimekaza na mifugo ilishaanza kwenda mbali kutafuta maji, Hilaria alilishika upesi kuliko masomo yote. Evaline alifungua mdomo mara kadhaa amwambie mama yake habari ya darasani. Kila mara akasoma sentensi inayofuata.

Jumapili kanisa likajaa. Padre Wolfgang alipomaliza utangulizi akatangaza, kwa furaha kabisa, kwamba kwa kuwa amepata nafasi ya kuja, wataadhimisha leo sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kigango, ambayo kwa kawaida inawapita bila misa. Kwa hiyo na masomo yatakuwa ya sikukuu. Akakipekua kitabu, akauweka utepe mahali papya, akaketi. Hakukuwa na hila yoyote, padre wa watu alidhani anawapa zawadi.

Somo la sikukuu mama yake hakuwa amesomewa. Aliyemdhania angewaumbua alikuwa dawati moja naye, kumbe pigo limetoka madhabahuni. Mama yake akasimama, akapita katikati ya mabenchi, akafika mimbarini. Akakitazama kitabu. Angeweza kulisema lile la nabii kama kwamba ndilo lililoandikwa pale, na wengi wasingegundua. Evaline alimwombea afanye hivyo. Badala yake Hilaria akakifunga kitabu polepole, akageuka kwa padre.

"Baba Padre, somo hili sikuliandaa," alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya Jumapili zote. "Mimi sijui kusoma. Sikuwahi kujua. Huwa nasomewa, nashika. Nililoshika ni la Jumapili ya kawaida. Siwezi kuwaambia watu kwamba ndilo la leo wakati silo."

Kanisa likaguna. Wanawake wa kwaya walitazamana. Mzee Yoakimu, mwenyekiti wa kigango, alipeleka mkono kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa, akabaki anajipapasa kichwa. Katekista Onesphory alikaa mdomo wazi, na si mtu wa kukaa mdomo wazi. Walishangaa kweli kweli, wazee, vijana, wote. Na katikati ya mshangao ule Evaline akaona kitu ambacho hakukitarajia. Wenzake wa kidato cha tatu, waliotapakaa huku na huko kati ya wazazi wao, hawakushangaa. Waliinamisha vichwa, wanatazama sakafu, kama watu waliobeba kitu kizito na wanasubiri mahali pa kukitua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema nyumbani kwao.

Padre alimwomba Hilaria aliseme hilo alilolishika. Akalisema, mikono mitupu, kitabu kimefungwa, na alipofika kwenye maji yatakayobubujika nyikani, Mwalimu Scola alitoa leso. "Neno la Bwana," alimaliza. "Tumshukuru Mungu," watu waliitikia kwa nguvu. Kisha Mzee Yoakimu akaenda kusoma somo la sikukuu, akijikwaa sana. Baraka ya wasomaji padre akaiahirisha, akasema katekista ndiye anayewajua watu wake, yeye ataamua nani asimame.

Nje, baada ya misa, Hilaria alisimama peke yake karibu na ukuta, akisubiri kuambiwa. Katekista alitoka akimkabili, lakini njiani akakutana na macho ya binti yake, akasita.

"Wewe hukushtuka," alimwambia Eufrasia, hatua chache tu kutoka pale ukutani. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na umekaa na mimi mezani wiki nzima, hukuniambia?"

"Haikuwa yako, baba," Eufrasia alijibu kwa adabu, mikono nyuma.

Evaline, aliyekuwa karibu, alisikia yote. Alimwangalia Eufrasia, akajua kwamba hata wakizeeka hatampata rafiki kama huyu. Kisha katekista akaenda mpaka ukutani, akamwambia Hilaria kwamba Jumapili ijayo somo la kwanza ni lake kama kawaida, na Eufrasia atakuja Jumamosi kusaidia kulisoma, kwa kuwa anaonekana ni mtoto wa kuaminika kuliko alivyodhani. Hilaria alishukuru, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Walikuwa wameshaanza kuteremka kwenda nyumbani mama aliposimama ghafla.

"Jumatatu," alisema. "Eufrasia alimsikia nani Jumatatu?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Evaline akasema yote: neno la ubaoni, sentensi, na majivuno yaliyomponza. Alilia akisema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Waliokusikia wako wangapi?"

"Darasa zima, mama. Na mwalimu. Na hakuna aliyesema."

Hilaria aligeuka nyuma. Pale uwanjani wanafunzi walikuwa bado wamesimama na wazazi wao, wengine wameshika wadogo zao, wengine wakicheka mambo yao. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anavyowatazama akiwa mimbarini.

"Wote hao," alisema. "Na mimi miaka yote hii nilidhani nina mmoja tu."